Kapasita Nilizozipanga Pembeni

Nilitengeneza vitu vya watu kwa miaka kumi na moja kabla sijatengeneza changu. Meza yangu iko Katandala, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya simu, na mteja mgeni akinikuta nimeshika bisibisi huniuliza fundi yuko wapi. Huwa namjibu fundi kaenda kunywa chai, akae amngoje. Akishangoja vya kutosha naichukua redio yake, naifungua mbele ya macho yake, na kuanzia hapo ananiita kila jina zuri, ila samahani hasemi. Mimi kwa watu sina subira, hilo linajulikana mpaka stendi. Subira yangu yote nimezipa redio.

Redio za hapa zina ugonjwa mmoja mkubwa. Umeme wetu wa Sumbawanga ukikatika haurudi kwa adabu, unarudi kwa kishindo, na kinachoumia kwanza ni kapasita. Ni kidude kidogo kinachoweka akiba ya umeme na kuutoa pale unapotakiwa ghafla. Kikichoka kinavimba kichwa au kinatoa ute, redio inaanza kukoroma, na mwenye redio anasema imerogwa. Ninakitoa, naweka kipya, uchawi umekwisha. Nimebadilisha kapasita nyingi kuliko mboga nilizowahi kuunga.

Kilichokuwa kinanipandisha hasira ni wale waliochora bodi za vifaa hivyo, vile vibao vya ndani vinavyobeba vidude vyote. Vile vikapasita vidogo kabisa walivibana kwenye miguu ya chipu, ule ubongo wa kifaa, hata ncha ya pasi ya kulehemu haina pa kupita. Ukitaka kutoa kimoja unamuunguza jirani yake. Nilikuwa nawatukana watu wasionijua, walio nchi ambazo sitafika, kwamba hawajawahi kukaa upande wa fundi hata siku moja. Nikaapa kwamba siku nikichora bodi yangu, kapasita zote zitakaa pembeni, zimejipanga mstari, nafasi tele, ili fundi yeyote atakayekuja baada yangu azifikie bila kuvunjika mgongo. Nilikuwa na hakika kwamba huo ni wema.

Sasa niseme habari za baba, maana ndiye aliyelipia wema huo.

Kijiji chetu ni mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka mjini, kule ambako upepo wa Julai unakufanya uvae koti mchana. Watu wanalima mahindi na ulezi, na wana kikundi kinachokusanya mahindi kwenye ghala moja ili wayauze pamoja. Ubaya wa kuuza pamoja ni kwamba gunia moja likiwa bichi linapata joto, linaota ukungu, na ukungu hauulizi gunia la jirani ni la nani. Kwa hiyo kuleta mahindi mabichi ghalani si uzembe tu. Kule kwetu anayefanya hivyo anahesabika sawa na mwizi.

Aliyekuwa akipima ni baba. Alipima kwa chupa ya soda, ya kioo, iliyooshwa na kukaushwa juani. Anatia kiganja cha mahindi, anatia kijiko cha chumvi kavu, anatikisa, halafu anaiacha itulie na kuiinua kwenye mwanga. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, rudi nayo ukaanike. Isipoganda, pita. Hakuwa msemaji. Aliwahi kumrudisha shemeji yake mwenyewe, akamrudisha katekista, na mwaka mmoja, mimi nikiwa darasa la sita, aliyarudisha mahindi yake mwenyewe. Alitikisa chupa, akaitazama, akasema, "Haya yangu bado," akayapakia tena kwenye mkokoteni wa ng'ombe mbele ya watu wote. Mama alinung'unika njia nzima. Mimi nilitembea nyuma ya mkokoteni nikiwa na kichwa juu kama mtoto wa mkuu wa wilaya.

Mnunuzi wao mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa mjini mwenye malori, mtu mstaarabu, kanzu nyeupe na salamu ndefu. Alimheshimu baba kweli. Lakini msimu mmoja alikuja akakaa naye kwenye gunia, akasema, "Shikamoo mzee wangu. Chumvi yako mimi naiamini. Shida ni kule ninakopeleka mzigo, wenzangu wanataka namba." Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bondeni, akakumbuka kwamba mzee ana binti fundi. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe unafufua redio zilizokufa. Utashindwa kipimo cha mahindi?"

Sikushindwa. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini ni kweli. Nilijifunza kwenye simu, usiku na mchana, nikachora bodi, nikaagiza itengenezwe China, ikaja Dar, ikapanda basi, nikaipokea stendi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kipimo chenyewe kilikuwa kopo lenye vibati viwili ndani. Unamimina mahindi katikati ya vibati, chipu inapima yanavyoshika umeme, kwa sababu mahindi mabichi yanashika zaidi kuliko makavu, kisha asilimia ya maji inatokea kama namba kwenye kioo kidogo. Kumi na tatu kushuka chini, unapita. Kuvuka hapo, unarudi nayo.

Na bodi ilikuwa nzuri. Nani alikuwa amewahi kuona bodi ya kijani iliyochorwa Katandala? Kapasita zangu zilikaa pembeni, mstari mmoja ulionyooka, zinafikika zote. Mafundi wenzangu walikuja kuitazama, hata wale ambao walikuwa hawanisalimii.

Baba alikuja mjini mwenyewe kuijaribu. Alitoa mahindi kwenye mifuko ya koti, huku makavu, huku mabichi, akapima kwa chupa yake na mimi nikapima kwa kopo langu. Tulikubaliana kila mara. Alicheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, akasema kwa Kifipa kwamba sasa macho yake yatapumzika. Kwenye kikao cha kikundi ni yeye aliyesimama akasema chupa iwekwe pembeni, kipimo cha mtoto kitumike. Hakuna aliyemlazimisha. Alinipa kazi yake kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa na furaha.

Siku ya kupokea mahindi nilifika asubuhi. Pembeni ya ghala kuna mashine ya kusaga inayotumia umeme, na umeme haukuwepo tangu alfajiri. Akina mama walikuwa wamepanga ndoo zao wakingoja, na mimi nilipima kwa betri. Kazi ilikwenda vizuri. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili na nusu. Watu wawili walizidi, wakarudishwa, wakakubali wenyewe kwamba waliharakisha. Mfanyabiashara alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anaandika namba zangu kwenye daftari lake, na kila anapoandika mimi nazidi kurefuka.

Saa tano hivi umeme ukarudi. Mwenyekiti akaniletea chaja ya simu, akasema, "Mwanangu, usiimalize betri yako." Nikachomeka. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Wakati huo huo mashine ya kusaga ikaunguruma, akina mama wakapiga vigelegele, na zamu ikamfikia baba.

Alileta magunia sita. Nikachota, nikamimina kwenye kopo. Kumi na saba.

Nilidhani nimekosea kumimina. Nikarudia. Kumi na sita na nusu. Nikachota kwenye gunia jingine, ikaja kumi na nane. Mfanyabiashara aliacha kuandika. Baba alichukua punje moja, akaitia mdomoni, ikasikika ikipasuka. Akasema taratibu, "Haya ni makavu. Rudia."

Nikarudia. Kumi na saba.

Akasema, "Nileteeni chupa yangu." Hakupandisha sauti. Mwanamume mmoja kwenye foleni akacheka kile kicheko cha puani, na hicho kicheko ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimekaa asubuhi nzima nikiogopa jambo moja tu: kwamba watu watasema binti anampendelea baba yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu hiyo kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kuogopa jambo jingine lolote. Sikujiuliza kwa nini namba zinarukaruka. Kama angekuwa mteja Katandala amenieleza kwamba redio yake inakoroma kila jirani akiwasha mashine, ningempa jibu kabla hajamaliza sentensi. Lakini pale nilikuwa na kioo, na kwenye kioo kulikuwa na namba, na watu arobaini wananitazama.

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Baba, kipimo hakijui baba wala shangazi. Kama ni mabichi, ni mabichi."

Watu walipenda. Mwenyekiti alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri. Baba alinitazama, na mpaka leo naweza kusema alinitazama kwa muda gani, ila sitaki. Magunia yote sita yakapigwa msalaba wa mkaa, ndiyo desturi ya lililokataliwa, na aliyeianzisha desturi hiyo ni yeye. Alipokuwa anayapandisha kwenye mkokoteni nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamume yule yule, si kubwa, si ndogo: "Kumbe. Na miaka yote hiyo chupa alikuwa anaishika nani?"

Hilo ndilo lililobaki. Si mahindi. Mahindi aliyauza sokoni Sumbawanga kwa rejareja, kwa watu waliokuwa na meno na akili ya kuyatafuna kwanza. Kilichobaki ni swali hilo, ambalo lilitembea kijiji kizima kabla ya jioni. Mtu aliyepima mahindi ya wote kwa miaka yote, siku ya kwanza anapopimwa yeye, anakutwa na magunia sita mabichi. Usipokuwa na chuki naye hata kidogo bado utahesabu, na hesabu itakupeleka pabaya.

Baba alipoondoka tu, kabla sijampima mwingine, umeme ulikatika tena. Nikarudi kwenye betri. Waliobaki wote walipita.

Hakuna aliyemfukuza kwenye kikundi. Kule kwetu watu hawakufukuzi, wanaacha tu kukuuliza. Aliendelea kuja kwenye vikao na kukaa kiti cha nyuma. Kwenye sala za jumuiya kukitokea neno chumvi kwenye Injili, na linatokea, kulikuwa na kikohozi upande wa vijana. Mama alinipigia simu kuniambia ameanika yale mahindi yaliyobaki kwenye turubai siku nane, juani, na upepo ule, na kila jioni anayakusanya kana kwamba ni mabichi kweli. Nilimwambia vizuri, baba atapata somo. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuniaibisha mbele ya mfanyabiashara.

Mwezi wa tisa nilikuwa mezani kwangu. Kwenye kopo nilikuwa na mahindi ya kujaribia, makavu, ambayo nilijua ni kumi na mbili kwa sababu sehemu yake niliikausha kwenye oveni na kuipima kwa mizani ya duka kabla na baada. Kipimo nilikichomeka kwenye chaja. Kioo kilikuwa kinasema kumi na mbili. Jirani yangu ni seremala, na alikuwa ameletewa randa la umeme. Akaliwasha.

Kumi na saba.

Akalizima. Kumi na mbili. Akaliwasha tena, akaanza kupitisha kwenye ubao mgumu, randa likalia. Kumi na saba, kumi na sita na nusu, kumi na nane.

Nilijua pale pale. Sikuhitaji kufikiri hata kidogo, ujuzi wote nilikuwa nao tangu zamani, ulikuwa umekaa unaningoja. Nilimwomba seremala alizime, alizime tu, akaniuliza kama naumwa.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, nikaazima oskiloskopu, ile mashine yenye kioo inayokuonyesha umeme unavyopanda na kushuka. Nikagusisha kwenye mguu wa chipu yangu. Pale ambapo mstari ulitakiwa kunyooka kulikuwa na fujo tupu.

Jambo lenyewe ni hili, na ni dogo kiasi cha kutia kichefuchefu. Chipu hainywi umeme kwa utulivu, inanywa kwa mafunda, ya ghafla, mengi mno ndani ya kupepesa jicho. Kila inapotaka funda, inatakiwa iwe na kikombe mkononi. Kikombe hicho ni kapasita, nayo inatakiwa ikae kwenye mguu wa chipu, imeugusa kabisa ikiwezekana. Kapasita hiyo hiyo ndiyo inayomeza uchafu unaoletwa na umeme wenye mashine, usifike kwenye chipu. Ukiisogeza mbali, ule uzi mwembamba wa shaba unaoziunganisha unageuka kuwa kizuizi. Funda linachelewa, uchafu unawahi. Chipu inayumba, inahesabu vibaya, na inakupa namba ya uongo ikiwa na uso mkavu.

Kapasita nilikuwa nazo. Hilo ndilo linalonichoma. Zilikuwepo zote, mpya, za thamani sahihi, hakuna hata moja niliyoisahau. Zilikuwa mbali na chipu kwa upana wa vidole viwili, pembeni, kwenye mstari wangu mzuri, zikimngoja fundi wa kesho asipate taabu. Wale niliokuwa nawatukana kwa miaka kumi na moja walizibana kwenye miguu ya chipu kwa sababu ndipo mahali pake. Mtu asiyejua kabisa angeiga walivyofanya na angepatia. Ilihitajika fundi mzoefu, mwenye kiburi cha meza, ili kukosea namna ile.

Nilichukua kapasita mbili, nikazilehemu moja kwa moja kwenye miguu ya chipu, ncha ya pasi ikiwa haina pa kupita, nikaunguza kidole na jirani yake. Nikamwambia seremala awashe. Kumi na mbili. Apitishe kwenye ubao mgumu. Kumi na mbili. Ule mstari kwenye oskiloskopu ulilala. Nililia palepale kibarazani, na aliyeniuliza nini nilimjibu vibaya.

Mtu mwema angepanda bodaboda siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa. Nilijiambia nichore kwanza bodi mpya, nipeleke kosa likiwa na dawa yake. Ukweli ni kwamba nilijipenda. Ningesema kipimo kilidanganya, mfanyabiashara angefunga daftari lake, mwenyekiti angeirudisha chupa, na Katandala wale waliokuja kuitazama bodi wangepata walichokuwa wanakingoja, kwamba mwanamke kajaribu akashindwa. Nikachora bodi ya pili. Kapasita nikazibana kwenye chipu, upande wa chini wa bodi wote nikautandazia shaba ili umeme urudi bila kubanana, na nilipoenda kijijini kuikabidhi nikatumia neno moja ambalo nalichukia mpaka leo. Nilisema, "Nimekiboresha."

Hakuna aliyeuliza nimeboresha nini.

Msimu uliofuata kipimo kilifanya kazi kama saa ya kanisani. Umeme ukaja, ukaenda, mashine ikaunguruma, namba hazikutikisika. Waliokataliwa walikwenda kuanika, wakarudi, wakakuta tofauti. Mfanyabiashara alichukua mzigo wote na hakupata malalamiko hata ya gunia moja huko alikopeleka. Watu wakaanza kuapa kwa kipimo. Nikasikia mama mmoja akimwambia mumewe, "Usinidanganye, nitakupeleka kwenye kopo."

Zamu ya baba ikafika. Kumi na mbili, magunia yote. Na yule mwanamume wa mwaka uliopita, kwa ukunjufu kabisa, maana alikuwa amekwisha kumsamehe, akamgonga baba begani: "Safari hii mzee umeanika!" Watu wakacheka vizuri, kicheko cha kumkaribisha mtu nyumbani. Baba akatabasamu kidogo kwa adabu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na kilikuwa kikubwa kuliko kosa la kwanza. Kila namba ya kweli iliyotoka kwenye bodi yangu mpya ilikuwa inaithibitisha ile ya uongo. Kama kopo halikosei leo, kwa nini likosee mwaka jana? Nilikuwa nimeondoa uchafu wote kwenye bodi, na kadiri nilivyoisafisha ndivyo baba alivyozidi kuwa mwizi. Kwa kweli hakukuwa tena hata na shaka ya kumsaidia.

Nilimfuata shambani kesho yake. Alikuwa anafukia nyasi kwenye matuta, jembe linapanda na kushuka, koti amelitundika kwenye mti. Nilimwamkia, nikamweleza yote: umeme uliorudi, chaja, mashine, vidole viwili. Nilimweleza pia ule mwaka mzima wa kunyamaza. Aliendelea kulima mpaka nilipomaliza, kisha akasimamisha jembe.

"Hayo mahindi niliyatafuna," akasema. "Mimi sikuwahi kuwa na shaka nayo."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nilikusamehe ulipokuwa bado unapima. Niliona unaogopa." Akafuta jasho. "Lakini si mimi niliyeambiwa. Walioambiwa ni wale. Waambie wale."

Kikao cha kufunga msimu kilikuwa mwezi wa nane, ghalani, watu wamekalia magunia matupu. Nilileta bodi zote mbili, ile ya zamani nikiwa nimeing'oa zile kapasita mbili nilizoiongezea. Nilisimama nikaziinua, ya zamani mkono huu, mpya mkono huu. Nilieleza polepole, kwa maneno ya watu, nikatumia mfano wa kikombe na funda. Nilisema siku ile umeme uliporudi kipimo changu kilidanganya. Nilisema mahindi ya baba yangu yalikuwa makavu. Nilisema nilijua tangu mwezi wa tisa mwaka uliopita nikaficha. Nilijitolea kuichomeka ile bodi ya zamani papo hapo waone wenyewe, lakini umeme haukuwepo.

 Nikaona wanawake wawili wanafuta macho, nikadhani maneno yamefika.

Mwenyekiti akasimama. Aliniwekea mkono begani, akasema kwa ile sauti yake, sasa imelainika, "Jamani, mmemsikia. Kipimo chake mwenyewe, kazi ya mikono yake, kitu kinachomlisha. Yuko tayari kukitupia matope mbele yetu, ili tu amsitiri mzazi wake. Nani kati yetu ana mtoto wa namna hii?"

Wakapiga makofi. Vigelegele vikatoka kona zote. Nilipiga kelele kwamba simsitiri mtu, kwamba ni kweli, nina ushahidi, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kushangilia. Yule mwanamume wa foleni alikuja akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. "Mzee, yale yalishapita," akasema. "Umelea."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimebeba bodi zangu kwenye mfuko. Nilikuwa nawatukana mmoja mmoja. Baba aliniacha nimalize. Tulipofika njia panda ya kuelekea kwetu alisimama kufunga kamba ya kiatu, akaongea akiwa ameinama.

"Ulisema vizuri," akasema. "Mwaka jana wangekuamini."

Akainuka, akakung'uta goti.

"Sasa kwako wamepata mtoto mwema. Mimi bado ni yule yule wa magunia sita."